Anti Tujibu: Mtoto wetu alifia kituoni, tufanyeje sheria ibadilike?

Wapendwa, mwezi huu maswali ya ndoa na mawifi nayaweka pembeni, mtanivumilia. Zimekuja barua nyingi za watoto waliofia au kuumia kwenye vituo vya kulelea, na familia zao zote zinauliza kitu kimoja, tufanyeje sheria ibadilike, na hili sio la kujibiwa kwa mistari miwili. Nimechukua barua nne, majina nimeyatoa yote.

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni shangazi wa mtoto ambaye hatunae tena. Mdogo wangu na mkewe walimpeleka mtoto wao kituo cha kulelea akiwa na miezi 5, mama alikuwa anarudi kazini baada ya likizo ya uzazi, siku ya tatu tu tukapigiwa simu twende hospitali. Tulichokuja kujua ni kwamba alilazwa kifudifudi kwenye godoro la watu wazima, mito pembeni, mlango ukarudishiwa ili wenzie wasimwamshe, na dada aliyekuwa zamu alikuwa peke yake na watoto 11. Kila mtu anatuambia ni ajali, mwachieni Mungu. Sisi Mungu tunamwamini ila hatuamini kwamba hakukuwa na cha kufanya. Tunataka sheria ibadilike mtoto wa mwingine asipite hapo, sasa tunaanzia wapi, mahakamani, kwa mbunge au tuandamane? Na kuna ndugu wanasema tunatafuta hela kupitia kifo cha mtoto, imetuuma sana.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Poleni mno, wewe, wifi yako, mdogo wako na wote waliombeba huyo mtoto. Nianze na hao wanaosema ni ajali tu. Kuna utafiti ulichapishwa Marekani mwaka 2000, waliangalia watoto wachanga waliokufa ghafla usingizini wakakuta karibu mmoja kati ya watano alifia akiwa kwa mlezi, sio kwa mzazi, na kati ya hao kama theluthi hivi walikufa ndani ya wiki ya kwanza ya kupelekwa huko. Wiki ya kwanza, na wa kwenu siku ya tatu. Sababu mojawapo inajulikana kabisa, mtoto amezoea kulala chali nyumbani, anafika kwa mlezi mgeni analazwa kifudifudi, na mtoto ambaye hajazoea kulala hivyo hatari yake inapanda sana. Ongeza godoro laini na mito. Kwahiyo hili jambo lina njia yake na njia hiyo watu wameshaiona zamani, ndio maana mna haki ya kudai izibwe.

Mnaanzia wapi? Mimi ningesema mnaanzia mezani nyumbani na daftari. Kaeni muandike ile siku saa kwa saa, nani alimpokea mtoto, alilazwa saa ngapi, juu ya nini, nani aliingia kumcheki mara ya mwisho, nani alimwona kwanza, alijua huduma ya kwanza au alikimbia nje kuita watu, simu ya kwanza ilipigwa kwa nani. Halafu makaratasi: ripoti ya uchunguzi wa mwili, fomu ya kumuandikisha mtoto, risiti za malipo, meseji zote za kituo, msifute hata moja. Na muandike barua kwa ofisi inayosajili vituo muombe leseni ya kile kituo, idadi ya watoto kilichoruhusiwa kuchukua, na ripoti ya ukaguzi wa mwisho. Barua, sio simu, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kwanini nasisitiza haya makaratasi? Kwa sababu mkishayapata mtajua tatizo lenu ni la aina gani, na hapa ndipo familia nyingi zinapotea. Inawezekana sheria haipo kabisa. Inawezekana ipo ila haikigusi kituo kama kile, kwa mfano inaanza kuhesabu vituo vyenye watoto kuanzia idadi fulani na wale wanaolea majumbani wameachwa nje. Au sheria ipo, nzuri tu, hakuna anayeisimamia. Hivi ni vitu vitatu tofauti na kila kimoja kina mlango wake. Ya kwanza unaenda bungeni. Ya pili mara nyingi ni kanuni, na kanuni waziri anaweza kuzibadilisha bila muswada kupita bungeni, ni njia fupi sana na watu wengi hawaijui. Ya tatu ni bajeti na wakaguzi. Ukienda kwa mbunge kulilia sheria mpya wakati ile ya zamani imelala kabatini, atakupokea vizuri, atapiga na picha na nyie, na hakuna kitakachobadilika kwenye chumba anacholala mtoto.

Ngoja niwape mfano mmoja nikiwa na maana yangu. Mwaka 1998 huko Chicago, mtoto wa miezi 16 alifia kwa mlezi mwenye leseni halali, kitanda cha kukunja alicholazwa kilijikunja pande zake zikambana shingo. Kile kitanda kilikuwa kimeshatangazwa ni cha hatari na kuondolewa sokoni tangu 1993, miaka mitano nyuma, na mlezi hakujua, wazazi hawakujua, na mkaguzi wa serikali alipita kwenye ile nyumba siku chache tu kabla ya kifo akaondoka, maana hakuna sheria iliyokuwa inamtaka akague kama vitanda vimepigwa marufuku. Wale wazazi, Linda Ginzel na Boaz Keysar, wote walimu wa chuo kikuu, hawakwenda kudai watoto walindwe. Walidai kitu unachoweza kukishika mkononi: bidhaa ya mtoto iliyotangazwa ya hatari isiuzwe na isitumike kwa walezi. Jimbo la Illinois likapitisha hiyo sheria 1999. Wakaendelea, na mwaka 2008 sheria ya nchi nzima ikawataka watengenezaji waweke kadi ya usajili kwenye vitanda, viti na vifaa vya watoto wachanga ili kikigundulika kina hatari mwenye nacho atafutwe aambiwe, na kile kipande cha sheria kinabeba jina la mtoto wao, Danny. Sheria ya Illinois ilichukua mwaka mmoja, ya nchi nzima miaka kumi, jipangeni kwa yote mawili.

Hilo ndilo nataka mlishike kuliko yote mdogo wangu. Ombi lenu liwe ni lile ambalo siku ile lingekuwepo mtoto angerudi nyumbani. Sheria inayosema mtoto awe salama haimzuii mtu kitu, kila mwenye kituo atasema mbona mimi wangu wako salama. Sheria inayosema mtoto chini ya mwaka mmoja alazwe chali kila usingizi, kwenye kitanda chake mwenyewe, godoro gumu la bapa, bila mto bila blanketi zito bila midoli, mlezi awe ndani ya chumba au anamuona, amcheki kila baada ya dakika kadhaa aandike kwenye karatasi ya usingizi na asaini, hiyo mkaguzi akiingia anaangalia kwa macho dakika tano kashajua. Na idadi ya watoto kwa mlezi iandikwe kwa namba. Uingereza kwa mfano watoto chini ya miaka 2 ni mlezi mmoja kwa watoto watatu, sasa linganisheni na dada mmoja watoto 11, hapo hata angekuwa malaika asingeweza.

Mkishapata ombi lenu liandikeni karatasi moja, upande mmoja. Kilichotokea mistari mitano, tunachotaka mistari mitano, sheria au kanuni gani ibadilishwe kifungu gani. Hiyo karatasi ndiyo mtampa mbunge, daktari wa watoto, muuguzi, mwandishi wa habari, watu wa zimamoto. Madaktari wa watoto wanahitajika sana upande wenu, mbunge anaweza kuwaona nyie mna machungu tu ila daktari akisema anawaona hawa watoto wodini anasikilizwa tofauti. Na tafuteni familia zingine, zipo, sema kila moja iko kimya nyumbani kwake inadhani iko peke yake.

Halafu kuna vitu ambavyo havihitaji kusubiri sheria. Uingereza mwaka 1991 mtangazaji wa tivii Anne Diamond alifiwa na mwanae mchanga usingizini, akafuatilia mpaka New Zealand ambako tayari walikuwa wanawaambia wazazi wawalaze watoto chali, akarudi akaibana serikali, na Disemba ya mwaka huohuo kampeni ya kulaza watoto chali ikaanza nchi nzima. Vifo vya namna ile vikashuka kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache. Hapo kilichofanya kazi ni maelekezo yaliyorudiwa kila mahali mpaka kila bibi na kila mlezi akayajua. Kwahiyo mkiwa mnasubiri bunge, anzeni na vituo vya jirani na kliniki za wajawazito.

Kuhusu mahakama. Kama kuna kesi ya jinai au uchunguzi wa polisi unaendelea, msimtaje yule dada wala kituo kwa jina mitandaoni, mtawapa mawakili wao sababu ya kusema kesi imeharibika na mnaweza kushtakiwa nyie kwa kuchafua jina. Zungumzieni chumba, godoro, idadi, sheria. Kama mnadai fidia, hiyo ni haki yenu na haina aibu, mazishi yamegharimu, mama amekosa kazi, ila someni kila karatasi kabla ya kusaini maana mara nyingi wanaingiza kipengele kwamba mkishapokea hela hamruhusiwi kulizungumzia tena milele. Mkisaini hicho kampeni imekufa siku hiyo. Mwambieni wakili mapema, tunataka kubaki na mdomo wetu.

Na hao ndugu. Mkipokea michango ya watu ya kampeni fungueni akaunti tofauti yenye wasaini wawili, mmoja awe nje ya familia, kila shilingi iandikwe. Hiyo itawafunga midomo wenye nia nzuri. Wenye nia mbaya hawatafungwa na chochote na wewe usipoteze usiku wako kuwajibu, una wifi wa kukaa naye.

SWALI: Habari anti. Mimi nina kituo changu kidogo nyumbani nalea watoto 6. Nasikia watu wanashinikiza sheria kali, kamera, vyeti, milango miwili, mlezi mmoja watoto watatu. Mimi watoto nawapenda na sijawahi kupata tatizo. Wakipitisha hayo yote nafunga, na hao mama wanaoniachia watoto watawaacha kwa nani? Mbona na sisi hamtufikirii?

JIBU: Nzuri mama. Swali lako ni la haki na nitakujibu bila kukuzungusha. Ni kweli, sheria ikiandikwa na watu ambao hawajawahi kushinda na watoto sita wachanga inaweza kufunga walezi wazuri, na wale watoto hawapotei, wanaenda kuachwa kwa mtu asiye na leseni kabisa au kwa dada yao wa miaka tisa. Nimeliona hilo na wanaopigania sheria lazima walisikie.

Lakini mama, naomba tutenganishe. Kumlaza mtoto chali ni bure. Kutoa mito kitandani ni bure. Kuhesabu watoto kwa majina wakitoka na wakirudi ni bure. Kufunga ndoo ya maji na kuweka dawa za kufulia juu ni bure. Kumpigia mzazi ambaye mtoto wake hajafika asubuhi ni hela ya meseji moja. Haya hakuna kituo kitafungwa nayo na ndiyo yanayoua ukiyaacha. Ya pili ni mafunzo ya huduma ya kwanza kwa mtoto. Mwaka 2012 huko Stockport Uingereza mtoto wa miezi 9 alikabwa na chakula kituoni akafa, wazazi wake wakakusanya saini zaidi ya laki moja wakidai walezi wote wafundishwe, na kuanzia 2016 mlezi aliyehitimu upya haruhusiwi kuhesabiwa kwenye idadi ya walezi bila cheti cha huduma ya kwanza ya watoto. Mtoto akipaliwa una dakika chache tu mama, gari la wagonjwa halijafika, aliyepo ni wewe na mikono yako. Hayo mafunzo serikali iyalipie au iyatoe bure kwa vituo vidogo, na hilo nyie wenye vituo ndio muende mkalidai, mkiwa pamoja na hizo familia.

Halafu kuna milango. Tarehe 5 Juni 2009 kituo kimoja cha watoto huko Hermosillo, Mexico, kilishika moto ulioanzia ghala la jirani, wakafa watoto 49. Jengo lilikuwa la kuhifadhia mizigo likageuzwa kituo, na njia za kutokea hazikutosha kabisa, watu walibomoa ukuta kwa gari wawatoe watoto. Na kilikuwa kimepita ukaguzi. Hapo siwezi kukuambia tuache, mlango wa pili hauna mbadala. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa wewe mwenye watoto 6 nyumbani mlango wa pili unaweza kuwa ule wa uani usiofungwa kwa kufuli wakati watoto wapo, na dirisha ambalo mtu mzima anapita bila nondo, sio lazima ujenge jengo jipya. Sheria nzuri inaweka muda wa kurekebisha, mwaka au miwili, na mkaguzi wa kwanza anakuja kufundisha kabla ya kuja kutoza faini. Nenda kawaambie hivyo wanapopokea maoni, wengi wenu mnanung'unika baada ya kanuni kutoka wakati siku za maoni hakuna aliyekuja.

Kamera, mimi nina maoni yangu. Korea Kusini waliziweka kwa lazima kwenye vituo vyote mwaka 2015 baada ya vidio ya mlezi akimpiga mtoto kusambaa nchi nzima. Zinasaidia kujua kilichotokea na zinamfanya mtu afikirie mara mbili, sibishi. Ila kamera haimgeuzi mtoto alale chali. Kama hela ipo ya kitu kimoja tu, mimi ningeongeza mlezi wa pili.

SWALI: Anti, mimi ni baba. Mwanetu alisahauliwa kwenye gari la kituo. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Nimejiunga na wazazi wengine tunadai sheria ya magari ya watoto na wenzangu wanataka sheria iitwe jina la mwanangu. Mimi nilikubali. Mke wangu hataki, hataki jina wala picha, hataki hata mimi niende kwenye mikutano, anasema kila nikirudi ni kama tumezika upya. Nisipoenda najisikia kama namsaliti mtoto. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana kaka. Pole na mama wa mtoto.

La jina nakujibu moja kwa moja, kama mama yake hataki, jina lisitumike. Jina likishaingia kwenye magazeti na kwenye sheria halirudi, miaka ishirini ijayo mtu atalitamka redioni akiwa anazungumzia faini, na mama atakuwa jikoni anasikia. Lazima wote wawili mtake, na mtu anaweza kutaka leo akakataa mwezi ujao na iheshimiwe. Na sheria haihitaji jina ili ipite. Ile familia ya Chicago niliyoitaja juu waliridhia jina la mtoto wao litumike, sawa. Wazazi wa Hermosillo walipigana mpaka 2011 ikapita sheria ya nchi nzima ya vituo vya watoto, nayo watu wanaiita Sheria ya 5 Juni, tarehe tu, kila mzazi pale ana mtoto wake ndani ya ile tarehe na hakuna aliyelazimika kumtoa wake mbele. Waambie wenzako hivyo.

Kuhusu mkeo, nadhani nyie wawili mnaomboleza kwa njia tofauti tu, wewe unahitaji kufanya kitu na yeye anahitaji nyumba itulie. Hakuna anayempenda mtoto zaidi ya mwenzie hapo. Kaeni mkubaliane mipaka, kwa mfano siku gani za kampeni na siku gani simu inazimwa, ukitoka mkutanoni usimletee habari isipokuwa akiuliza, waandishi wasije nyumbani kabisa. Karibu na tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kifo usipangiwe kazi yoyote. Na awepo mzazi mwingine au hata daktari wa kuzungumza mbele za watu, wewe ufanye ile ya nyuma ya pazia, barua na kusoma muswada, ni kazi kubwa kuliko hotuba. Kama kuna mshauri wa waliofiwa nendeni wote wawili, msisubiri mpaka mmoja ameshafunga begi.

Na sheria yenyewe mnayodai, ombeni kitu hiki. Julai 2018 Korea Kusini binti wa miaka 4 alisahauliwa ndani ya gari la kituo kwa kama saa saba kwenye joto kali, akafa. Bunge lao likapitisha sheria mwaka huohuo na kuanzia Aprili 2019 magari ya watoto yanatakiwa kuwa na kitufe kule nyuma kabisa, dereva akizima injini lazima atembee mpaka siti ya mwisho akakibonyeze, asipofanya hivyo kengele inalia. Uzuri wake ni kwamba haimuombi dereva akumbuke, inamlazimisha miguu yake ipite kwenye kila siti. Japani walisubiri. Mwaka 2021 mvulana wa miaka 5 alifia kwenye basi la kituo, serikali ikatoa maelekezo tu ya kuwa makini, Septemba 2022 binti wa miaka 3 akafia kwenye basi lingine mjini Makinohara kwa namna ileile, ndipo kuanzia Aprili 2023 kifaa kikawa lazima. Mkikutana na waziri anayesema tutatoa waraka wa kuwakumbusha madereva, mwambieni habari ya Japani.

Ongezeni na simu ya asubuhi. Makinohara mwalimu aliona binti hayupo darasani na hakuwapigia wazazi. Sheria iseme mtoto asipofika na hakuna taarifa mzazi apigiwe ndani ya muda fulani uliotajwa, maana gari lililofungwa juani linaweza kupanda kama digrii 10 za Selsiasi kwa dakika 10 tu za mwanzo, na mwili wa mtoto unapata joto haraka kuliko wa mtu mzima mara tatu mpaka tano, kushusha kioo kidogo hakusaidii. Simu ikipigwa mapema mtoto anaweza kukutwa mzima.

SWALI: Shikamoo anti. Sisi tulipigana, sheria ikapita, tukashangilia tukalia. Sasa muda umepita na naona vituo viko vilevile. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni, hamjakosea. Sheria ikipita mnakuwa mmefika nusu ya njia na hakuna anayewaambia hilo siku ya kushangilia. Baada ya bunge kuna kanuni za utekelezaji lazima ziandikwe na wizara, bila hizo mkaguzi hana cha kushika, na mara nyingi ndipo zinapokaa. Cheki kwanza kama zimetoka. Kama hazijatoka andikeni kwa waziri kuuliza tarehe, na nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya bunge inayohusika.

Angalia pia sheria yenu inasema nini kuhusu ukaguzi. Marekani mwaka 2014 walipoifanyia marekebisho sheria yao ya fedha za serikali za kusaidia malezi ya watoto, ambayo mara ya mwisho ilikuwa imefanyiwa marekebisho makubwa 1996, waliweka ukaguzi angalau mara moja kwa mwaka wa kushtukiza kwa vituo vyenye leseni vinavyopokea hizo fedha, walezi wachunguzwe rekodi zao za jinai, na matokeo ya ukaguzi yawekwe mtandaoni mzazi ayasome. Hilo la mwisho kwangu ndilo tamu kuliko yote. Mzazi akiweza kusoma kwamba kituo hiki kilikutwa mara mbili kina watoto wengi kuliko walezi, atatoa mtoto wake bila kusubiri serikali, na mwenye kituo anajua hivyo. Kama yenu haina hicho kipengele, hiyo ndiyo kampeni yenu inayofuata, na ni nyepesi maana haimgharimu mwenye kituo chochote.

Na muwe tayari wakati mwingine mnapata nusu. Uingereza mwaka 2022 serikali ilitaka kuongeza idadi ya watoto kwa kila mlezi, wazazi waliofiwa na mtoto wao kituoni wakaongoza kukusanya saini, zikapita laki moja, bunge likajadili Novemba. Serikali ikaendelea hivyohivyo, kuanzia Septemba 2023 mlezi mmoja wa watoto wa miaka 2 anaruhusiwa watano badala ya wanne. Inaumiza, mimi bado naona ni makosa. Lakini wa chini ya miaka 2 walibaki mlezi mmoja watoto watatu.

Kwa sasa mwanangu fanyeni hili, andikeni kwa ofisi inayokagua muulize wana wakaguzi wangapi, vituo vingapi vimesajiliwa, na vingapi vimekaguliwa mwaka uliopita bila kutaarifiwa. Namba tatu tu. Wakiwajibu mtaona wenyewe kama inawezekana mkaguzi mmoja kufika kote, wakikaa kimya na kimya chenyewe ni ushahidi, na vyote viwili mnavipeleka kwenye kamati ya bajeti kabla haijakaa, sio baada, maana wakishapitisha bajeti mtaambiwa mwakani.